Siku 35 za nyonga mpya: kuzuia damu isigande mguuni ukiwa nyumbani

Aliyebadilishwa nyonga au goti hakai wodini muda mrefu. Mshono ukiwa mkavu, na mwenyewe akishaweza kusimama na fremu na kujipeleka msalani, anaruhusiwa. Ndugu wanakuja na gari, wanamfunika kanga, wanamshukuru Mungu, wanaondoka. Kwao kazi imekwisha. Kwetu sisi tunaohudumia wagonjwa wa mifupa hapa Mwanza, hapo ndipo wasiwasi unapoanza, kwa sababu bonge la damu mara nyingi halijitokezi mgonjwa akiwa mikononi mwetu. Kwa waliobadilishwa goti, dalili huonekana karibu na siku ya 7. Kwa waliobadilishwa nyonga, karibu na siku ya 17. Siku ya 17 mgonjwa yuko Magu, yuko Sengerema, yuko Nansio, na anayemwangalia ni binti yake au mjukuu wake.

Tunawaandikia hao. Yale ambayo familia nyingi huyafanya kwa upendo, yaani kumlaza, kumkataza asijisumbue, kumchua mguu uliovimba, ndiyo hayo hayo yanayoisaidia damu kuganda.

Daktari Mjerumani wa karne ya 19, Rudolf Virchow, anahusishwa na maelezo ambayo bado tunayatumia: damu huganda ndani ya mshipa ikiwa inatembea polepole, ikiwa ukuta wa mshipa umeumia, au ikiwa damu yenyewe imekuwa rahisi kuganda. Kubadilisha kiungo huyaleta yote matatu kwa wakati mmoja. Mguu hupindwa na kuzungushwa ili kichwa cha fupa la paja kitoke, na mshipa mkubwa wa kinenani hujikunja humo humo. Kwa goti, mara nyingi paja hufungwa mkanda wa kubana ili damu isizibe macho ya daktari, na damu ya mguu mzima husimama. Mfupa ukikatwa, mwili hupokea taarifa kwamba umejeruhiwa vibaya, nao huongeza nguvu ya kugandisha damu. Kisha mgonjwa analala chali.

Wakulima wa mboga wa kandokando ya ziwa wanazijua pampu za kukanyaga kwa miguu: ukikanyaga maji yanapanda, ukiacha yanasimama palepale kwenye bomba. Vigimbi vya miguu vinafanya kazi hiyo hiyo. Moyo unaisukuma damu kushuka hadi unyayoni, lakini kurudi juu inategemea sana kigimbi kikaze na kulegea, huku vali ndogo ndani ya mshipa zikiizuia isirudi chini. Kigimbi kisichofanya kazi ni pampu isiyo na mtu juu yake. Damu inatuama nyuma ya vali hizo, na hapo ndipo bonge linapoanzia. Likikua na kukatika, linapanda hadi kwenye mapafu, na huko linaweza kuua kwa dakika chache.

Zamani, kabla kinga haijawa jambo la kawaida, wagonjwa wa nyonga na goti walipopigwa picha za mishipa kwa rangi, kati ya 40 na 60 katika kila 100 walikutwa na damu iliyoganda mguuni. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo maneno "mguu wake hauna shida, dawa ya nini" hayana uzito. Dawa inatolewa kabla shida haijaonekana.

Kabla ya upasuaji kuna maswali ambayo mgonjwa wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuyajibu kwa ukweli hata kama hajaulizwa. La kwanza ni kichocho. Mtu aliyekulia ufukweni, aliyeoga ziwani, aliyevua au kuanika dagaa miaka yote, huenda amebeba kichocho cha tumbo kwa muda mrefu bila kukijua. Kichocho hicho hulikakamaza ini, wengu likavimba, na mishipa ya koo la chakula ikatanuka kama mizizi. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu. Wengu lililovimba pia huzila chembe sahani, zile chembe za kuzibia jeraha. Sasa mtu kama huyo ukimpa dawa ya kuzuia damu kuganda bila kujua, umemfungulia mlango wa kutokwa damu. Hii haina maana kwamba asibadilishwe nyonga. Ina maana apimwe wingi wa damu na chembe sahani, apigwe picha ya tumbo, na kinga yake ipangwe kwa mashaka hayo. Ukiwahi kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au kuambiwa una wengu kubwa, sema. Sema hata kama ni miaka kumi iliyopita.

Kuna upande wa pili wa kichocho, kile cha mkojo. Vijiji vingi vya Usukumani vimezoea kuona mkojo wenye damu, na watu wanasema tu "ni kichocho hicho". Mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda hana ruhusa ya kusema hivyo. Mkojo ukibadilika rangi kuwa wa chai ya rangi au wa damu, anarudi hospitali siku hiyo hiyo, kichocho kitatafutwa huko huko.

Siko seli ni jambo jingine la huku kwetu. Wagonjwa wetu wa nyonga si wazee peke yao. Wapo vijana wa miaka ishirini na kitu ambao kichwa cha fupa la paja kimeoza kwa sababu damu haikufika. Kijana huyo damu yake iko karibu na kuganda hata kabla hajaguswa kisu. Kwake maji ya kutosha, joto la mwili, hewa ya oksijeni na maumivu yaliyodhibitiwa ni sehemu ya kinga sawa na sindano ya kuzuia damu kuganda. Asikae na njaa na kiu tangu jioni hadi adhuhuri akisubiri zamu ya upasuaji bila dripu. Ndugu wana haki ya kuuliza: "Nesi, huyu ana siko seli, ameshawekewa maji?"

Kisha dawa anazotumia. Vidonge vya kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na apiksabani, hudhoofishwa sana na rifampisini ya kifua kikuu, na pia na dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini. Mgonjwa anameza kila siku na bado hana kinga. Kinyume chake, dawa za ARV zenye ritonaviri, ambazo hutumiwa hasa na walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa baada ya dawa za kwanza kushindwa, hupandisha nguvu ya vidonge hivyo hadi damu ikavuja. Dolutegraviri, inayotumiwa na wengi sasa, haina mgogoro mkubwa navyo. Kwa walio kwenye dawa za kifua kikuu au ritonaviri, sindano ndiyo njia salama zaidi. Tunaelewa kwa nini watu wanaficha ARV mbele ya shemeji na wifi waliokuja kuwauguza. Mwambieni nesi pembeni, andikeni kwenye kikaratasi, lakini isifichwe. Na mama anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aseme mapema, kwa sababu kwa kawaida huachwa wiki 4 kabla ya upasuaji na kutafutiwa njia nyingine.

Dawa yenyewe huja kwa sura tatu. Sindano ya inoksaparini, miligramu 40 mara moja kwa siku, ndiyo inayojulikana zaidi. Mwenye figo dhaifu sana hupewa pungufu, kwa kawaida 20, ndiyo maana kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo, hakikwepeki. Vidonge vya rivaroksabani miligramu 10 mara moja kwa siku huanza saa 6 hadi 10 baada ya upasuaji, damu ikiwa imetulia. Na ipo aspirini ndogo, ya miligramu 75 hadi 150.

Kuhusu aspirini tuseme wazi, kwa sababu ni rahisi kupatikana na wengi wanataka waandikiwe hiyo tu. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Australia na kutangazwa mwaka 2022 uliwalinganisha waliotumia aspirini miligramu 100 na waliotumia inoksaparini miligramu 40. Wenye kuganda damu kwa dalili walikuwa asilimia 3.45 upande wa aspirini na asilimia 1.82 upande wa sindano. Aspirini si bure, na kuna mpangilio mzuri wa kuanza na dawa yenye nguvu siku za mwanzo kisha kumalizia na aspirini. Lakini mpangilio huo unapangwa na daktari aliyekuona. Na mtu aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani, mnene sana au asiyeweza kutembea hapaswi kujiamulia kumalizia na aspirini kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani.

Muda ndio unaovunjwa zaidi. Goti: kwa kawaida siku 14. Nyonga: siku 28 hadi 35 kutegemea dawa. Tumeona mtindo unaojirudia. Hospitali inatoa dozi za siku kadhaa, mgonjwa anaambiwa akanunue zilizobaki. Siku ya 8 au ya 10 maumivu yamepungua, hela imekwenda kwenye nauli na chakula, na familia inasema mzee ameshapona. Dawa inaachwa wiki moja tu kabla ya zile siku ambazo nyonga hupenda kugandisha damu. Kwa hiyo hesabuni kabla ya kuondoka wodini. Kama ni siku 35 na amekwisha chomwa 6, zinabaki 29. Andikeni tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, na muulize palepale: bima inalipia zote? Kama hailipii na hamtaweza kununua, semeni kabla ya kuruhusiwa, daktari apange njia ambayo mtaimaliza. Dawa rahisi inayomezwa hadi siku ya mwisho inamsaidia mgonjwa kuliko dawa ghali iliyoishia siku ya tano.

Sindano ya inoksaparini, inayochomwa tumboni, inaweza kuchomwa na mtu yeyote mtulivu nyumbani, na tunapenda kumfundisha mmoja kabla mgonjwa hajaondoka. Inakuja imeshajazwa, mililita 0.4. Ndani utaona kiputo kidogo cha hewa. Usikitoe; ukikisukuma nje unatoa na dawa pamoja nacho. Mgonjwa alale au aegemee. Chagua upande wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, upana wa vidole vitatu hivi, leo kulia kesho kushoto. Nawa mikono, safisha ngozi, subiri ikauke. Bana ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka upate mkunjo mnene, ingiza sindano yote wima, si kwa kulaza, na usiuachie mkunjo huo mpaka umalize kusukuma dawa polepole na kuchomoa. Kisha acha. Usisugue. Ukisugua, kesho kutakuwa na doa kubwa jeusi, mgonjwa ataogopa na kukataa inayofuata. Madoa madogo ya kijani au zambarau ni ya kawaida.

Saa iwe ileile kila siku. Wengi huona saa mbili usiku ni rahisi, watu wote wapo na taarifa ya habari inakumbusha. Ukisahau, choma ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ukikumbuka kesho wakati dozi nyingine imefika, choma moja tu. Mbili kwa mpigo, hapana. Vivyo hivyo kwa kidonge. Sindano zihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25: chumba cha ndani chenye kivuli, si jikoni chini ya bati, si dirishani, wala si kwenye friza. Zilizotumika ziingie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, kisha zirudishwe kituo cha afya. Watoto wanachezea majalalani.

Dawa za maumivu zinahitaji jicho. Kwenye duka lolote la dawa mtaani ukisema goti linauma unapewa diklofenaki au ibuprofeni. Zote mbili huchubua tumbo na kupunguza nguvu ya chembe sahani, na zikichanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, hatari ya kutokwa damu tumboni inapanda. Kama daktari aliyekupasua amekuandikia kwa makusudi pamoja na dawa ya kulinda tumbo, hilo lina mpango wake. La kununua mwenyewe, liwe parasetamo, gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku. Mitishamba ya kuchemsha, unga wa mizizi na vidonge vya "kusafisha damu" vinavyouzwa kwenye mabasi visubiri mpaka dawa iishe.

Na parasetamo imezwe kwa wakati, mgonjwa asisubiri mpaka alie. Nusu saa au dakika arobaini kabla ya mazoezi ndiyo saa yake. Mwenye maumivu hasogei, na asiyesogea damu yake inatuama.

Kusogea kunaanza siku ile ile ya upasuaji. Ganzi ya mgongo ikiisha, mgonjwa avute vidole vya miguu kuelekea usoni hadi kigimbi kivutike, kisha avisukume chini kama anayekanyaga breki. Mara 10 hadi 20, kila saa awapo macho, miguu yote miwili, kwa sababu bonge linaweza kukaa hata kwenye mguu ambao haukupasuliwa. Siku hiyo au kesho yake akae pembeni ya kitanda, asimame na fremu. Kizunguzungu cha kwanza ni cha kawaida; akae, anywe maji, ajaribu tena. Nyumbani, atembee dakika 5 hadi 10 karibu kila saa. Kutembea mara moja kwa mkupuo asubuhi kisha kulala hadi jioni hakufanyi kazi hiyo.

Hapa jiji letu lina tatizo lake. Mabatini, Igogo, Bugarika: nyumba zimepanda juu ya mawe, na kufika mlangoni unapita ngazi za kuchonga ambazo hata mzima anazishuka kwa kujishika. Mgonjwa anabebwa kupandishwa, na akishafika juu hashuki tena. Anaambiwa akae ndani mpaka apone. Ua wenyewe ni hatua nne. Matokeo yake mtu aliyefanyiwa upasuaji ili atembee anakaa kwenye sofa mwezi mzima. Tunashauri mambo mawili. Kama kuna ndugu anayeishi tambarare, Igoma, Buswelu au Nyegezi, mgonjwa akakae kwake hizo wiki tano au sita. Kama hakuna, pimeni urefu wa chumba na korido kwa hatua, toeni meza na ndoo njiani, kunjeni mikeka isimkwaze, na mgonjwa azunguke humo humo. Korido ya hatua 8, kwenda na kurudi mara 6, ni hatua 96. Mjukuu anaweza kupewa kazi ya kuhesabu.

Kuhusu kuchua. Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu hufanywa na watu wema. Mguu umevimba siku ya 12, shangazi anapasha mafuta, anachua kigimbi kutoka chini kwenda juu kwa nguvu, au anakanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Kama uvimbe ule ni bonge, mkono unaoliminya unaweza kulivunja na kulipeleka kwenye mapafu. Mguu uliopasuliwa usichuliwe kigimbi, usifungwe kamba, usichanjwe. Kutaka kumsaidia kupo: mwinulie mguu. Alale chali, mto uwekwe kwa urefu chini ya kigimbi na kisigino ili unyayo uwe juu ya kifua. Mto usiwekwe chini ya goti peke yake. Unaminya mshipa ulio nyuma ya goti, na kwa aliyebadilishwa goti unamfanya lisinyooke tena vizuri.

Kigoda cha jikoni na mkeka wa chini viachwe kwa muda. Aliyebadilishwa nyonga asikunje zaidi ya pembe ya mraba, na kukaa chini kwa kujikunja pia kunazuia damu kinenani. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti: fundi anakata tundu kwenye kiti cha mbao imara au cha chuma, kirefu kiasi kwamba magoti yabaki chini ya nyonga. Kiti cha plastiki kilichotobolewa huvunjika, tusikitegemee.

Maji ya kunywa yafike lita 2 kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo. Wazee wengi hujinyima maji kwa kuogopa safari za msalani. Safari hizo ndizo tunazozitaka.

Soksi za kubana zinasaidia zikiwa za kipimo sahihi. Zikivingirika chini ya goti zinageuka kuwa kamba na kufanya madhara, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu au mwenye mishipa iliyoziba asivae bila kupimwa. Zivuliwe kila siku, miguu ioshwe, visigino viangaliwe.

Sasa namna ya kuliona bonge. Mguu uliobadilishwa goti huvimba kwa wiki kadhaa, na madoa hushuka hadi kifundoni. Hiyo si dalili ya bonge. Uvimbe wa kawaida hupungua usiku mguu ukiinuliwa na kurudi jioni. Uvimbe wa bonge mgonjwa huamka nao asubuhi. Nunueni futi ya fundi cherehani. Tafuta kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti, shuka sentimita 10, weka alama ya kalamu kwenye miguu yote miwili. Kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, zungusha futi kwenye alama bila kukaza, andika namba mbili kwenye daftari. Siku ya 5: kulia 37, kushoto 35. Siku ya 9: 36.5 na 35. Hiyo inashuka, vema. Siku ya 13: 39 na 35. Hapo msisubiri. Kigimbi kinachozidi chenzake kwa zaidi ya sentimita 3 ni mojawapo ya vitu ambavyo daktari huvihesabu anapokadiria uwezekano wa bonge, na kupanda ghafla baada ya kushuka kunatutisha zaidi ya namba yenyewe.

Vitabu vinasema mguu unakuwa mwekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Angalieni kung'aa, ngozi kukaza, na joto: weka mgongo wa kiganja kwenye kigimbi kimoja kisha kingine. Bonge la juu, baada ya upasuaji wa nyonga, linaweza kuvimbisha paja zima na kuleta maumivu kinenani huku kigimbi kikiwa laini. Kipimo cha kuthibitisha ni altrasaundi ya mishipa, ile ya dopla. Kile kipimo cha damu kiitwacho di-daima (D-dimer) hakisaidii sana wiki za mwanzo, kwa kuwa upasuaji wenyewe hukipandisha. Msitumie hela ya altrasaundi kwenye hicho.

Upande wa pili ni kutokwa damu: choo cheusi, mkojo wa damu, kutapika damu, pua inayovuja zaidi ya dakika 10 ikiwa imebanwa, mshono unaolowanisha bandeji upya, au kuumwa kichwa sana baada ya kuanguka. Hapo dozi inayofuata isitolewe kabla ya kuonwa na daktari.

Safari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, watu wa Sengerema na Geita hawapangi tena foleni ya kivuko na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, na hilo ni nafuu kubwa kwetu. Lakini ndani ya wiki sita za mwanzo asisafiri mbali bila sababu. Akilazimika, siti ya mbele yenye nafasi ya mguu, gari lisimame kila saa au saa moja na nusu ashuke na kutembea, na mazoezi ya kifundo yaendelee njiani. Basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, lisubiri. Wanaovuka kwenda Ukerewe wapande meli ya mchana yenye nafasi ya kusimama na kutembea, na kabla ya kuondoka wajue ni nani mwenye boti atakayewavusha usiku kukiwa na dharura.

Dharura yenyewe huja hivi: anakosa pumzi ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, moyo unakimbia, anakohoa damu au anazirai. Watu husema malaria imepanda kichwani, au vidonda vya tumbo, na wanaanza na dukani. Kwa mtu aliyebadilishwa nyonga au goti ndani ya miezi mitatu, hiyo ni bonge kwenye mapafu mpaka hospitali iseme vinginevyo. Asitembezwe. Mkalisheni ameegemea, mbebeni kwenye kiti, gari au bajaji, si bodaboda. Msimpe dozi ya ziada. Mapokezini msiseme "anaumwa kifua" peke yake, maana atapangwa foleni. Semeni: "Amebadilishwa nyonga siku 20 zilizopita, amekosa pumzi ghafla, anachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda." Kisha mpeni daktari boksi la dawa na daftari, na mtajieni saa ya dozi ya mwisho, kwa sababu atakachompa na kiasi chake kinategemea saa hiyo.